Uaminifu wa kila siku kwa Mkristo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya darasa la kipaimara, kwenye ibada za jumuiya, na mengi zaidi kwenye meza ya duka langu la nafaka. Mtu akisubiri kupimiwa unga ndipo husema lililomkaa moyoni. Mimi si mchungaji, ni mzee wa kanisa. Majibu ambayo ni maoni yangu nimesema wazi kwamba ni yangu.

## Mwanzo wa jambo

1. Biblia inakataza uongo wapi hasa?

Wengi hutaja amri: "Usimshuhudie jirani yako uongo" (Kutoka 20:16). Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya nane, Waanglikana na Wapresbiteri huihesabu kuwa ya tisa. Amri ni hiyo hiyo. Kwanza ilihusu baraza la hukumu, ambako shahidi wa uongo aliweza kumfikisha mwenzake kwenye kifo.

Walawi 19 inaishusha amri hiyo hadi shambani na sokoni: msiibe, msidanganye, msiambiane uongo, na kwenye mstari wa 35 na 36, vipimo viwe vya haki. Katikati ya sura hiyo hiyo, mstari wa 18, ndipo palipoandikwa umpende jirani yako kama nafsi yako. Tunaunukuu mstari huo harusini na kwenye semina, tukisahau kwamba majirani zake ni kibaba na mizani.

Agano Jipya linatoa sababu ninayoirudia katika ukurasa huu wote: tuseme kweli kila mtu na jirani yake "kwa maana tu viungo" (Waefeso 4:25). Paulo hasemi tuseme kweli ili tuonekane watakatifu. Anasema tukidanganyana, ni mkono unaolidanganya jicho la mwili uleule.

2. Chenji ya shilingi 200 aliyonizidishia konda nayo ni dhambi?

Konda jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Kikipungua kitu, kinatoka mfukoni mwake, na siku nyingine ndiyo pesa yake ya kula. Udogo wa mia mbili uko kwako wewe uliyeshuka kituoni. Bwana Yesu alisema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia (Luka 16:10), na mimi naongeza kwamba dogo na kubwa hupimwa kwa mfuko wa anayepoteza. Mrudishie.

3. Kwa hiyo nalazimika kusema kila kitu kwa kila mtu?

Hapana. Kutunza siri si uongo, na mtu asiyehusika hana haki ya habari zako. "Hilo siwezi kulizungumzia" ni jibu la kweli kabisa. Mchungaji wa Kijerumani Dietrich Bonhoeffer, alipokuwa gerezani mwaka 1943, aliandika juu ya mtoto anayeulizwa na mwalimu mbele ya darasa zima kama baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli hurudi amelewa, lakini mtoto anakataa. Bonhoeffer aliona kwamba kosa kubwa ni la mwalimu, aliyeingiza mkono mahali pasipo pake.

Upo ukimya unaodanganya, hata hivyo. Unamuuzia mtu simu ukijua betri inakufa saa sita mchana, na yeye anaigeuzageuza mkononi, nawe umenyamaza. Pima hivi: je, ninanyamaza kulinda kilicho changu, au nachukua kilicho chake?

4. Nikisema "haki ya Mungu" ili niaminike, kuna ubaya?

Yesu alisema tusiape kabisa, ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo (Mathayo 5:34-37). Mtu anayehitaji "haki ya Mungu vile" kwa kila bei anayotaja anakiri kwamba maneno yake ya kawaida hayabebi mzigo. Kiapo cha mahakamani ni jambo jingine. Wakristo wengi hukikubali, na wale ambao dhamiri inawakataza, kama Wamenonaiti, huthibitisha ushahidi wao bila kuapa.

## Nyumbani na kwenye simu

5. "Nipo njiani" na huku sijaoga. Kila mtu anajua ni lugha tu, siyo?

Kama kila mtu angejua, usingeisema. Unaisema kwa sababu yule mwenzako, amesimama juani stendi na mzigo, bado anaiamini kidogo. Sema "sijatoka, nitafika saa tano." Atakasirika dakika moja, kisha atatafuta kivuli akae.

6. Naruhusiwa kumtuma mtoto aseme sipo?

Nitajibu kwa lililonipata. Kuna mwaka nilikuwa nadaiwa, mdai akapiga hodi, nikamtuma binti yangu wa miaka saba amwambie nimekwenda shamba. Nilikaa nyuma ya mlango wa chumbani nikisikiliza. Alisema vizuri, bila kusita. Yule bwana akamsifu kwa adabu yake, akampa pipi, akaondoka. Mtoto akaja chumbani na ile pipi kiganjani, bado imefungwa, akaniuliza kama anaruhusiwa kuila.

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimchukua, tukaenda wote kwa yule mdai, nikamwambia mbele ya mtoto kwamba jana nilikuwepo. Nilikuwa na theluthi tu ya deni nikampa hiyo. Aibu yake ninayo mpaka leo, lakini sikuona njia nyingine ya kumrudishia binti yangu kile nilichomvunjia.

Maneno ya kumtuma mtoto yapo: "Baba hawezi kutoka sasa, amesema atakupigia jioni." Halafu jioni upige. Hali kadhalika kumtisha mtoto kwamba askari anakuja kumchukua, au kumwambia sindano haiumi. Sindano inauma, na mtoto akiisha kuchomwa anakuwa amejua mambo mawili kwa mpigo: sindano, na wewe.

7. Mama ana saratani. Ndugu wamekubaliana asiambiwe. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu wanaoficha wanaficha kwa upendo. Mgonjwa anapelekwa Ocean Road akiambiwa ni vidonda vya tumbo, na hakuna mtu Dar es Salaam asiyejua hospitali ile inatibu nini. Kwa hiyo mara nyingi mama anajua. Anabaki peke yake na anachokijua, kwa sababu watoto wamefunga mlango wa mazungumzo, naye anawalinda watoto wasijue kwamba amejua.

Ukweli si lazima umwagwe wote siku moja. Anza kwa kumuuliza: "Mama, ungependa daktari akueleze wewe mwenyewe, au amweleze nani?" Akisema hataki kusikia, uamuzi ni wake na uuheshimu. Akisema anataka, mwacheni asikie, mmoja wenu akiwa amemshika mkono. Msimwambie "utapona tu" kama ahadi yenu, maana kupona hamna mamlaka nako. Mwambieni hamtamwacha, na msimwache.

Mkimficha mnamnyima nafasi ya kuaga, kusamehe, kusema shamba la migomba anamwachia nani. Nimekaa kwenye misiba iliyogeuka kesi ya miaka kwa sababu marehemu alinyimwa miezi yake mitatu ya mwisho.

8. Mchumba nimweleze mambo yangu yote ya nyuma?

Kila jambo atakaloishi nalo, ndiyo, na kabla ya kutangazwa ndoa: mtoto uliyenaye kwingine, deni, ugonjwa, ndoa ya zamani. Simulizi za kila uhusiano wa ujanani si lazima.

## Sokoni na kazini

9. Ninauza kwa debe na kopo. Uaminifu unaanzia wapi?

Debe la kupokelea na debe la kuuzia liwe moja. Nimeona madebe mawili ya duka moja: la kwanza limetanuliwa mbavu kwa nyundo, ndilo la kupokelea mahindi ya mkulima. La pili kitako chake kimebonyezwa kuingia ndani, ndilo la kumpimia mteja. Ukiyasimamisha mezani yanafanana. Ukiingiza mkono ndipo kiganja kinakutana na kile kibonyeo, laini kama mgongo wa kijiko. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza mtu kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo, na ukisoma ukiwa muuza nafaka huhitaji mtu wa kukufafanulia. Amosi naye aliwakemea waliokuwa wakingoja sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuongeza bei (Amosi 8:5). Walikuwa watu wa ibada, tena wasiokosa.

Lumbesa ni ndugu wa debe hilo. Sheria ya Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi huja shambani na gunia lililoongezewa wavu wa kamba juu, likabeba madebe saba au zaidi badala ya sita, kwa bei ya gunia moja. Mkulima hukubali kwa sababu ada ya shule inadaiwa na viazi vinaoza. Mkristo anayenunua kwa lumbesa asiseme "wamekubali wenyewe." Wamekubali kama mtu anavyokubali kutoa saa yake gizani.

Mambo madogo ninayoyafanya: mizani yangu imegongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na kila Jumatatu naweka juu yake pakiti ya kiwandani ya kilo moja mbele ya mteja wa kwanza. Nyanya na vitunguu sivipangi vizima juu na vilivyopondeka chini. Vilivyopondeka vina fungu lake na bei yake, na vinaisha kabla ya saa nne, maana mama ntilie wanavitaka.

10. Kupatana bei si kudanganyana?

Kupatana kwenyewe hapana. Mimi nasema elfu kumi, wewe unasema sita, na wote tunajua tunakwenda kukutana katikati. Uongo unaingia pale ninaposema "nimenunua elfu tisa, nakupa bila faida" ilhali nimenunua elfu tano. Mnunuzi naye asijione salama. Mithali 20:14 inamtaja anayesema "haifai, haifai" mbele ya muuzaji, kisha anakwenda zake akijisifu. Usiiponde kanga ambayo moyoni umeshaivaa.

11. Duka la vifaa wananiuliza "nikuandikie ngapi?" Kuna ubaya nikichukua cha juu kidogo?

Kwa maoni yangu huu ndio uongo uliozoeleka kuliko wote kwetu, kwa sababu unafanywa kwa upole na kwa kalamu. Fundi kanunua misumari na rangi, muuzaji kashika kitabu cha risiti, anauliza kama anayeuliza sukari ngapi kwenye chai. Hakuna anayeinua sauti. Mwenye nyumba yuko mbali, labda ni mama mjane anajenga chumba kwa pesa ya kikoba.

Jibu ni: "Andika niliyokulipa." Ukisema hivyo mara tatu, muuzaji yule hatakuuliza tena.

Utasema tajiri hakukupa nauli wala chakula. Basi dai nauli na chakula kwa jina lake, kabla ya kwenda. Akikataa, utajua unafanya kazi na mtu wa namna gani, na una haki ya kukataa kutumwa. Nawe muuzaji unayeandika, usijiweke nje: risiti ya uongo ina mikono miwili. Kwa yaliyokwisha kuchukuliwa, tazama swali la 16.

12. Pesa imeingia kwenye simu yangu kimakosa. Niirudishe vipi?

Kwanza angalia salio kwenye menyu, siyo ujumbe. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa kampuni, kisha hupiga wakilia kwamba wamekosea namba. Salio likiwa halijaongezeka, hakuna pesa. Utaripoti ujumbe huo kwa kuutuma 15040 ukiwa Tanzania.

Kama pesa imeingia kweli, usiitumie na usiirushe kwa namba unayotajiwa kwenye simu. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, waeleze, wairudishe wao kwa aliyeituma. Ukiituma mwenyewe, huenda mwenzako naye ameshaomba muamala urudishwe, ukapoteza mara mbili. Akikupigia mwenyewe, mjibu kwa upole, mwambie umeshawajulisha. Mtu aliyekosea ada ya mtoto yuko kwenye hofu kubwa.

13. Nikiuza bila risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nimemwibia nani? Serikali yenyewe inakula.

Warumi 13:7 inasema mlipeni kila mtu haki yake, kodi kwa mwenye kodi, na iliandikwa kwa watu waliotawaliwa na Roma. Ubadhirifu wa wakubwa unastahili kukemewa kwa sauti. Anayepiga kelele hiyo akiwa na mashine imezimwa chini ya meza, sauti yake inakatika.

## Kanisani

14. Nimetoa ahadi kwenye harambee na sina pesa. Je, nimedanganya?

Inategemea moyo wako uliposimama. Kama ulikuwa na tumaini la kweli na mvua ikakatika, nenda kwa mhasibu wa usharika useme, "nitatoa nusu, na nusu baada ya mavuno." Kama uliinua mkono ili usionekane mdogo mbele ya wakwe, tubu kwa hilo. Anania na Safira (Matendo 5) hawakuhukumiwa kwa kutoa kidogo. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake na fedha ilikuwa mikononi mwake. Kosa lao lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Nasi wazee wa kanisa tuache kumsimamisha mtu mbele ya spika na kumuuliza kiasi. Tunawafundisha kudanganya.

Vivyo hivyo ushuhuda wa kutiwa chumvi. Uliumwa malaria ukapona: mshukuru Mungu kwa malaria, usiifanye kuwa ulikufa siku mbili. Na "nitakuombea" ni ahadi. Mimi nimejifunza kuomba palepale, nikiwa nimesimama na mtu barabarani, kwa sababu nikifika nyumbani nasahau.

## Magumu

15. Niliajiriwa kwa cheti cha ndugu yangu. Nimeokoka sasa. Nifanyeje?

Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipotangaza watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, nyumba nyingi za Kikristo zilikosa usingizi. Sitakudanganya kwamba kutubu hakuna gharama. Kazi utaipoteza, na kosa lenyewe ni la jinai.

Usikimbilie kulisema madhabahuni. Mwone mchungaji faraghani, kisha mwanasheria, mjue njia ya kulieleza kwa mwajiri. Mwambie mwenzi wako kabla ya hao wote. Anza kujiandaa: watu wazima wengi wamerudi kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, kwa jina lao. Ila usikubali ushauri wa "umeshatubu, kaa kimya." Ofisi hiyo kuna mtu aliikosa, mwenye cheti chake halisi.

16. Nikishatubu lazima nirudishe nilichochukua?

Ndiyo, kadiri unavyoweza. Hesabu 5:7 inataka kitu chenyewe na sehemu ya tano juu yake. Zakayo alijipangia mara nne (Luka 19:8). Mwenye mali akiwa amefariki, wape warithi. Asipokuwa na mtu, Hesabu 5:8 inaelekeza kwa Bwana, nasi twaweza kuwapa maskini kimyakimya.

Afrika Mashariki tunalijua hili kwa macho. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya, ulitambulika kwa watu waliorudi kwa waajiri na majirani wakiwa na vitu mkononi: blanketi, jembe, fedha za miaka iliyopita. Waliita kutembea nuruni. Usirudishe kwa namna ya kumwangamiza mtu wa tatu, hilo zungumza kwanza na mshauri.

17. Je, uongo wa kuokoa maisha unaruhusiwa?

Wakristo hawajawahi kukubaliana. Augustino wa Hippo aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja mwaka 395 hivi na kingine 420 hivi, akisema uongo wote ni dhambi, hata huo. Wengine hutaja wazalisha wa Kiebrania waliomdanganya Farao na Mungu akawatendea mema (Kutoka 1:15-21), na Rahabu aliyewaficha wapelelezi (Yoshua 2). Mwaka 1994 Rwanda wapo waliowaficha majirani darini, wakawaambia wauaji mlangoni kwamba ndani hamna mtu.

Maoni yangu: ningesema hamna mtu, na ningemwomba Mungu rehema bila kujisifu. Muuaji amekuja kuukata mwili ule ambao Waefeso 4 inasema sisi ni viungo vyake. Lakini miaka yote niliyoulizwa swali hili, sijaulizwa na mtu anayemficha mkimbizi. Huuliza mwenye cheti, au mwenye risiti, akitafuta mlango. Rudi swali la 11 au la 15.

18. Nikisema kweli nikafukuzwa kazi, nitakula nini?

Sina ahadi kwamba Mungu atakupa kazi bora mwezi ujao. Zaburi ya 15 inamsifu mtu asiyebadili maneno yake ingawa ameapa kwa hasara yake. Hasara inabaki kuitwa hasara.

Karani mmoja wa stoo wa jumuiya yetu alikataa kusaini kwamba amepokea mifuko ya saruji ambayo haikufika. Aliachishwa mwezi uleule. Jumapili tulimsimamisha, tukampigia makofi, tukaenda nyumbani kula. Wiki ya tatu mke wangu akamkuta mke wake anauza vyombo. Tuliona haya. Tukakaa familia kumi na moja, tukagawana: huyu kodi ya chumba, huyu ada ya mtoto mkubwa, mimi debe la mahindi kila mwezi. Alikaa miezi saba, akapata kazi ya mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza, na ndiyo anayoifanya mpaka leo.

Kwa hiyo ukiwekewa karatasi ya namna hiyo mezani, usiibebe peke yako. Ilete jumuiyani kabla ya siku ya kusaini, tujue mapema tunahitaji madebe mangapi.